Misitu ya kupandwa: ndio, Tanzania iliipita Kenya, ila hebu tuzisome hizo namba vizuri

Kuna jedwali moja la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, huwa nalirudia kila nikisikia watu wanabishana kuhusu miti kati ya Kenya na Tanzania, ni lile la misitu ya kupandwa kwenye ripoti yao ya dunia ya mwaka 2010. Kenya mwaka 1990 ilikuwa na hekta 238,000 za miti ya kupandwa, mwaka 2000 zikawa 212,000, 2005 zikawa 202,000, na 2010 zikabaki 197,000. Tanzania ilianzia chini, hekta 150,000 mwaka 1990, ikafika 200,000 mwaka 2000, 230,000 mwaka 2005 na 240,000 mwaka 2010. Ukichora grafu unaona mstari mmoja unapanda mwingine unashuka, na ukipiga hesabu ya kawaida tu ya hapo katikati mistari inakutana kama katikati ya mwaka 2001, kuanzia hapo Tanzania iko juu.

Sasa hiyo grafu Mtanzania akiiona anasema tumewapita, Mkenya akiiona anasema serikali imetumalizia misitu, na ubishi unaishia hapo. Mimi naona wote wawili wanaruka swali lenyewe. Hekta moja ya paini haiji kwasababu watu fulani wanapenda miti kuliko wengine, inakuja kwasababu kuna mtu au ofisi imekubali kufunga ardhi na hela kwa miaka 15, 20, wakati mwingine 30, kwa imani kwamba mti ukikomaa wataruhusiwa kuuvuna na mnunuzi atakuwepo. Kenya, kwenye yale mashamba makubwa ya saipresi na paini, huyo mtu alikuwa karibu muda wote ni serikali. Tanzania nako ilikuwa hivyohivyo kwa miaka mingi, mpaka pale wakulima wa Njombe, Makete, Mufindi na Kilolo, kule Nyanda za Juu Kusini, walipoingia kwa wingi na hela zao wenyewe. Kwangu mimi tofauti ya ile mistari miwili imeanzia hapo.

Tuanze na Kenya maana ndo yenye historia ndefu zaidi. Wakoloni walianza kupanda miti mapema kabisa mwanzoni mwa karne ya 20, reli ilikuwa inakula kuni, na baadae kidogo ukaingia ule utaratibu maarufu wa shamba system. Ulikuwa hivi: msitu ukishavunwa, mkulima anapewa kipande cha lile eneo lililobaki wazi, anasafisha visiki, analima mahindi, maharage na viazi, na katikati ya mazao anapanda miche ya serikali. Akipalilia mahindi yake anakuwa amepalilia na miche, na hakuna mtu anamlipa kwa hilo, malipo yake ni mavuno. Baada ya kama miaka 3 miti inaanza kufunga kivuli, mazao hayatoki tena, mkulima anahamia kipande kingine. Serikali ilikuwa inapata msitu mpya kwa gharama ndogo sana, na kwa miaka mingi ndo ulioijaza nchi ile saipresi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukapigwa marufuku kwa agizo la rais. Sababu zilikuwepo na zilikuwa za kweli, maana kuna watu waligeuza vile vipande kuwa makazi ya kudumu, na kuna maeneo miche ilikuwa inang'olewa makusudi ili mkulima asihamishwe. Lakini ukiangalia kilichofuata unaona tatizo lilikuwa kubwa kuliko lile lililokuwa linatibiwa. Kazi ya kupalilia iliyokuwa inafanywa bure sasa ilitakiwa ilipiwe na idara ya misitu, na idara haikuwa na hiyo bajeti, kwahiyo uvunaji uliendelea ila upandaji ukabaki nyuma, maeneo yaliyovunwa yakakaa na majani na vichaka tu mwaka baada ya mwaka. Juu ya hapo mwaka 1990 wakaingia wale vidukari wa saipresi, wadudu waliokuwa wameanzia Malawi wakapita Tanzania, wakakausha miti iliyokuwa imesimama. Ule mstari unaoshuka kutoka 238,000 hadi 212,000 katika miaka 10, yaani wastani wa hekta 2,600 zinapotea kila mwaka, kwa sehemu kubwa ni hekta ambazo zilivunwa kihalali kabisa halafu hakuna aliyerudi kupanda.

Na hapo ndo linapokuja jambo ambalo mimi linaniuma zaidi kuhusu Kenya, kigeugeu cha sera. Chukua saipresi moja iliyopandwa 1985 kwenye msitu wa serikali, mti wa mbao unaotegemewa kuvunwa ukiwa na karibu miaka 30. Ukiwa bado mche mdogo, mkulima aliyekuwa anaupalilia akafukuzwa. Katikati ya miaka ya 1990 wakulima wakarudishwa kwa utaratibu mwingine. Mwaka 1999, mti una miaka 14, serikali ikafunga uvunaji kwenye misitu yake isipokuwa kwa viwanda vichache vikubwa, kwahiyo ile kazi ya kupunguzia miti ili iliyobaki inenepe ikawa ngumu kufanyika maana ile miti midogo inayotolewa hakuna wa kuinunua. Mwaka 2001 ikatangazwa kwamba karibu hekta 67,000 za misitu zitatolewa kwenye hifadhi, nyingi zikiwa upande wa msitu wa Mau. Mwaka 2003 wakulima wakatolewa tena. Mwaka 2005 ikaja sheria mpya ya misitu, KFS, yaani shirika la misitu la Kenya, ikaanza kazi 2007, na ule utaratibu wa kulima msituni ukarudi kwa jina la PELIS. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 uvunaji ukafunguliwa kiasi. Februari 2018, mti sasa una miaka 33 yaani umeshapita umri wa kuvunwa, marufuku nyingine, ilitangazwa kuwa ya siku 90 ikaendelea kuongezwa hadi Julai 2023 ndo Rais Ruto akatangaza kule Molo kwamba inaondolewa. Mti una miaka 38. Ndani ya maisha ya mti mmoja masharti yamebadilika mara zote hizo, alafu tunauliza kwanini mwananchi wa kawaida hakuwekeza hela yake kwenye msitu.

Ni kweli marufuku ya 2018 ilikuwa na sababu nzuri, mito ilikuwa inakauka na kulikuwa na malalamiko mengi ya ukataji holela kwenye misitu ya asili, na mtu yeyote aliyefuatilia habari za Mau au kazi ya Wangari Maathai ya kuutetea msitu wa Karura kule Nairobi anajua Wakenya wameupigania msitu wa asili kwa jasho na damu. Mimi naheshimu sana hilo. Shida ni kwamba agizo liligusa msitu wa asili na shamba la miti kwa pamoja, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Msitu wa asili ukiuacha unapona. Shamba la saipresi lililokomaa ukiliacha halizidi kuwa msitu bora, linazeeka, moyo wa mti unaoza, upepo unaangusha, na ile hekta haipandwi upya kwasababu haijavunwa. Na hitaji la mbao halikusimama siku ile marufuku ilipotangazwa, nyumba ziliendelea kujengwa, na mbao zikaendelea kuvuka mpaka wa Namanga zikitoka Mafinga na Njombe. Kwa maana hiyo sehemu ya kilichopandisha hamu ya kupanda miti upande wa Tanzania ni mahitaji ya Kenya yenyewe. Hizi grafu mbili tunazichora kana kwamba kila nchi iko peke yake wakati soko ni moja.

Njoo Tanzania. Msingi uliwekwa na serikali, hilo lazima lisemwe, maana siku hizi ukisoma habari za miti unaweza kudhani kila kitu kimefanywa na sekta binafsi. Sao Hill pale Mufindi ndo shamba kubwa kuliko yote, eneo lake ni zaidi ya hekta 135,000 ingawa siyo lote limepandwa miti ya mbao, majaribio ya kwanza yalianza 1939 na upandaji mkubwa ukaja miaka ya 1970 na 1980, sehemu yake kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikafunguliwa 1985 kwa kutegemea paini ya hapo. Kuna mashamba mengine pia, Shume kule Lushoto, Kilimanjaro Magharibi na Rongai, Kawetire na Kiwira upande wa Mbeya, mitiki ya Longuza na Mtibwa. Miti iliyopandwa miaka ya 1970 ilipofika umri wa kuvunwa ndo vikazaliwa viwanda vidogo vya mbao Mafinga, mafundi wa mashine wakapatikana, madereva wa mafuso wakaijua njia, madalali wakaijua bei, yaani soko likawepo kabla mkulima hajaamua kupanda. Huu mpangilio ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Mkulima wa Njombe hakushawishiwa na semina, alimuona jirani yake amekata robo heka (heka ni ekari, siyo hekta) ya paini akaezeka nyumba bati jipya na kulipa ada.

Baada ya hapo watu wakapanda. Wenyeji wakapanda, wafanyakazi wa serikali wakapanda, watu wa Dar es Salaam wakanunua heka Njombe na Mufindi bila hata kufika, wakamwachia mwenyeji asimamie. Kampuni nazo zilikuwepo, Green Resources ya Norway ilianza upande wa Mufindi na Kilombero miaka ya 1990, New Forests ikaja Kilolo, na baadae serikali ya Finland ikafadhili programu ya Panda Miti Kibiashara kuanzia 2014 iliyosaidia vikundi vya wakulima kupata mbegu bora na kujipanga. Lakini uti wa mgongo ulikuwa mkulima mdogo mwenye heka 1 au 3, ambaye hakuhitaji kibali cha mtu yeyote kupanda kwenye ardhi yake ya kijiji.

Nieleze kidogo hilo soko linavyokwenda maana bila kuliona kwa karibu hizo hekta zinabaki namba tu. Mnunuzi anakuja shambani, anatembea katikati ya mistari, anakumbatia mti mmoja mmoja kupima unene kwa mikono au anakadiria kwa macho, mnabishana bei ya shamba zima likiwa limesimama. Mkikubaliana analeta vijana wenye chenso na ile mashine ya kupasulia ambayo kila mtu Nyanda za Juu Kusini anaiita dingdong, injini na msumeno wa duara unaohamishwa kutoka shamba hadi shamba, inapasua palepale 2x4, 2x6, 1x8, mbao zinabebwa begani mpaka barabarani na fuso inapakia. Ni teknolojia rahisi iliyofungua soko kwa mtu aliye mbali na kiwanda, bila dingdong hao wakulima wasingekuwa na pa kuuzia. Ila ule msumeno ni mnene, kila unapopita unakula sehemu kubwa ya gogo, mabanzi na maranda yanabaki shambani marundo kwa marundo. Na mbaya zaidi, mkulima akibanwa na ada au ugonjwa anauza mti wa miaka 8, wakati paini ya mbao kwenye shamba la serikali inasubiriwa miaka 18 mpaka 25. Mti wa miaka 8 unatoa mbao changa, inapinda ikikauka, inapasuka msumari ukiingia. Kwenye jedwali la FAO hekta ya mti wa miaka 8 na hekta ya mti wa miaka 20 zinahesabiwa sawasawa, moja na moja, na ukipeleka kwenye mashine ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa turudi kwenye jedwali maana kuna kitu kinanisumbua. Angalia kasi ya Tanzania: miaka ya 1990 iliongeza wastani wa hekta 5,000 kwa mwaka, kati ya 2000 na 2005 hekta 6,000 kwa mwaka, halafu kati ya 2005 na 2010 ikashuka hadi hekta 2,000 tu kwa mwaka. Kwa mujibu wa jedwali, Tanzania ilipunguza upandaji kwa theluthi mbili katika kipindi ambacho ukipita Njombe ulikuwa unaona vilima vinageuka kijani mwaka hadi mwaka na vitalu vya miche viko kila bonde lenye maji. Haiingii akilini. Na angalia namba zenyewe zilivyo, 150, 200, 230, 240, zote zimekaa kwenye makumi, hii ni sura ya makadirio, mtu yuko ofisini anajumlisha mashamba ya serikali anayoyajua na kuongeza kidogo kwa ajili ya wengine. Kisha ikaja NAFORMA, ile tathmini ya kitaifa ambayo watu waliingia porini kweli wakapima kuanzia 2009, ripoti ikatoka 2015, na misitu ya kupandwa ikatokea kuwa zaidi ya hekta 500,000. Zaidi ya mara mbili ya ile ya 2010! Hiyo miti haikuota ndani ya miaka mitano, ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye viheka vya watu ambavyo hakuna ofisi iliyokuwa inavijua.

Kwahiyo mtu akikuletea grafu inayoonyesha Tanzania imeruka kutoka 240,000 hadi nusu milioni, muulize kwanza ni mti uliongezeka au ni macho ya kuhesabu yaliongezeka. Ukiunganisha namba ya kabla ya NAFORMA na ya baada yake kwenye mstari mmoja unachora kitu ambacho hakikutokea. Naona wachambuzi wengi wanafanya hivyo, wanachukua data kwenye tovuti, wanaingiza kwenye programu, grafu inatoka nzuri, hakuna anayesoma maelezo ya chini.

Kenya nayo jedwali linaionea kwa njia nyingine. FAO wanaita msitu pale ambapo eneo ni kuanzia nusu hekta, miti inaweza kufika mita 5, na kivuli chake kinafunika zaidi ya asilimia 10. Mkulima wa Kenya ya kati au ya magharibi ana heka 1 yote kwa ujumla, kalima chai au mahindi, na miti yake kaipanda kwenye mpaka, mgrevilea mstari mzima, mikaratusi kumi na tano nyuma ya nyumba pale kwenye kona yenye mawe. Hiyo miti inauzwa, inajenga, inawasha jiko, ila haifiki nusu hekta mahali pamoja kwahiyo kwenye jedwali ni sifuri. Tathmini ya kitaifa ya Kenya ya mwaka 2021 ilitoa namba mbili, misitu asilimia 8.83 na miti kwa ujumla asilimia 12.13 ya nchi. Hiyo tofauti ya asilimia 3.3 katikati ndo miti iliyo nje ya misitu, na ndani yake imo hiyo iliyopandwa kwa mkono wa mtu. Kwahiyo nikisema Mkenya wa kawaida hakuwekeza kwenye msitu simaanishi hajapanda miti. Amepanda sana, ila amepanda kwake, kwa kipimo cha kiwanja chake, mbali na maagizo ya misitu ya serikali.

Kuna njia nyingine ya kupima ambayo sijaona wengi wakiitumia, kugawanya hekta kwa watu. Sensa ya Kenya 1989 ilihesabu watu milioni 21.4, ukizigawa zile hekta 238,000 za 1990 kila mtu anapata kama mita za mraba 111. Sensa ya 2009 ilihesabu milioni 38.6, na hekta 197,000 za 2010 zinampa kila mtu mita za mraba 51. Tanzania sensa ya 1988 ilikuwa milioni 23.1, hekta 150,000, kila mtu mita za mraba 65. Sensa ya 2012 watu milioni 44.9, hekta 240,000, kila mtu mita za mraba 53. Miaka ya sensa na ya jedwali haikai sawasawa lakini picha haibadiliki. Ukisoma hivi, Tanzania ambayo kwenye grafu ya kwanza ilikuwa inapaa kwa asilimia 60 kumbe ilikuwa inashuka taratibu, na ule ushindi mkubwa wa 2010 ni 53 kwa 51. Ndo maana bei ya mbao haikushuka pamoja na miti yote ile iliyopandwa. Kwa hizo namba za NAFORMA Tanzania inakuwa juu zaidi, sawa, ila na za 1990 zilikuwa za makadirio yaleyale kwahiyo siwezi kuchanganya.

Ukigawa kwa ardhi nako picha inageuka. Tanzania ina ardhi ya kama hekta milioni 88.6, Kenya milioni 56.9. Kwa namba za jedwali lilelile, mwaka 2010 misitu ya kupandwa ilikuwa asilimia 0.35 ya ardhi ya Kenya na asilimia 0.27 ya ardhi ya Tanzania, yaani Kenya ilikuwa bado mbele. Na hapo kumbuka sehemu kubwa sana ya Kenya ni kame, huwezi kupanda paini Turkana wala Wajir, kwahiyo miti yote inagombania zile nyanda za juu chache pamoja na chai, viazi, ngano, ng'ombe wa maziwa na watu wenyewe. Tanzania ilikuwa na bahati ya kuwa na Nyanda za Juu Kusini, baridi, mvua ya kutosha, na kwa muda mrefu watu wachache. Hiyo bahati nayo inaisha, siku hizi Njombe parachichi linashindana na paini heka kwa heka na wengine wameshang'oa visiki.

Na kitu kikubwa kuliko vyote hakipo kabisa kwenye grafu ya misitu ya kupandwa, ni msitu ambao haukupandwa na mtu. Ripoti ileile ya 2010 inasema Tanzania ilipoteza wastani wa hekta 403,000 za misitu kila mwaka kati ya 1990 na 2010. Weka pembeni yake zile hekta 90,000 tulizoongeza kwa kupanda ndani ya miaka 20 yote. Kazi yote ya miaka 20, miche yote ile, ni sawa na miti inayopotea ndani ya chini ya miezi 3. Mimi ni muumini wa kupanda miti, naamini paini ya Mufindi inapunguza presha ya mbao kwenye msitu wa asili, lakini kinachomaliza miombo ya Tabora, Katavi na Lindi ni kilimo cha kuhamahama, mkaa na mifugo, na hekta ya paini Njombe haizuii hata moja ya hayo. Pale inapokuwa mbaya kabisa ni mtu anapofyeka msitu wa asili au kuvamia chanzo cha maji ili apande mikaratusi, maana kwenye jedwali hilo linahesabika kama mafanikio.

Kenya sasa ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13 mwaka 2023 ilitolewa siku nzima ya mapumziko watu wakapande. Tanzania ina siku yake ya kupanda miti kila Aprili 1 na kila halmashauri ina lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka. Ukichukua lengo hilo, ukazidisha kwa idadi ya halmashauri na kwa miaka ambayo limekuwepo, nchi ingekuwa imejaa miti hadi kwenye viwanja vya mpira. Tunahesabu miche inayotoka kitaluni, na mche uliofia kwenye kiriba chake au uliopandwa mvua ikiwa inaisha umehesabiwa tayari. Msimu unaofuata shimo lilelile linapandwa mche mwingine na unahesabiwa tena.

Mimi nikiulizwa nchi hizi mbili zitoe data gani, siombi hekta zaidi. Naomba TFS (wakala wa misitu wa Tanzania) na KFS watoe kila mwaka jedwali moja kwa kila shamba la serikali: hekta ngapi zina miti ya miaka 0 hadi 5, ngapi 6 hadi 10, ngapi 11 hadi 20, ngapi zimepita umri, na ngapi zimevunwa ila bado hazijapandwa. Hiyo safu ya mwisho ndo ilikuwa inaongezeka Kenya miaka yote ya 1990 wakati watu wanaangalia jumla tu. Kwa wakulima binafsi picha za setilaiti zinatosha siku hizi kutofautisha paini changa na iliyokomaa, kazi hiyo haihitaji kusubiri NAFORMA nyingine. Na kwa upande wa Tanzania ningependa kuona hiyo safu ya miaka 0 hadi 5 kwa Njombe na Mufindi haraka, kwasababu miti mingi ya ule msimu mkubwa wa kupanda imeshakatwa ikiwa michanga, na sijui kama kila aliyekata amerudishia.